Nusu ya Pili ya Upasuaji Hufanyika Kimara

Chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa wa paja hakiwekwi ili mguu upumzike; kinawekwa ili mguu uanze kazi mapema. Hilo ndilo lililokuwa wazo la Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa mji wa Kiel nchini Ujerumani, alipowaonyesha wenzake msumari wake mwaka 1940. Ndilo pia lililowakutanisha madaktari wa Uswisi walioanzisha umoja wa AO mwaka 1958. Walikuwa wamechoka kuona mifupa iliyounga vizuri ndani ya miguu iliyokonda na kukakamaa, kwa sababu mgonjwa alilazwa wiki kwa wiki, mguu ukivutwa kwa vizito, mpaka goti likakataa kukunjika.

Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, msumari uliotumika kwa miaka mingi ni ule wa SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Mmarekani Lewis Zirkle katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Umebuniwa hivi kwamba daktari anaweza kuuweka na kuufunga kwa parafujo bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, ambayo hospitali nyingi hazina. Kwa hiyo kijana aliyevunjika paja Jumatatu anaweza kufanyiwa upasuaji, kuruhusiwa, na kurudi kwake akiwa na mfupa uliosimama imara. Lakini mfupa kusimama imara na mtu kutembea ni mambo mawili. La kwanza linafanyika Upanga, iliko MOI, kwa saa chache, na la pili linafanyika kwenye vitongoji vya Dar es Salaam kama Kimara kwa miezi. Tatizo letu ni kwamba huduma ya fiziotherapia tumeipanga kana kwamba mgonjwa anaishi nyuma ya ukuta wa hospitali.

Wagonjwa wenyewe tunawafahamu. Ni dereva wa bodaboda na abiria wake, ni mwenda kwa miguu aliyegongwa akivuka, ni fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Ni wale wenye vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi ambavyo mitaani tumeviita antena. Utafiti uliofanyika MOI na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha antena hizo na msumari wa ndani kwa watu waliovunjika muundi na kupata kidonda kilicho wazi. Katika idadi ya waliokufa au kulazimika kurudishwa chumba cha upasuaji ndani ya mwaka mmoja, haikuonekana tofauti ya kuaminika kati ya makundi hayo mawili. Nautaja kwa sababu mijadala yetu kuhusu mifupa hupenda kuishia kwenye aina ya chuma. Chuma ni muhimu, ila kinachoamua kama mtu atarudi kazini mara nyingi hakimo ndani ya mfupa.

Kimo kwenye goti. Mtu akivunjika paja, goti halikuvunjika, lakini ndilo linaloumia baadaye. Damu humwagika ndani ya misuli ya mbele ya paja, kisha hugeuka kovu, na kovu hilo linaweza kuishika misuli na kuigandisha kwenye mfupa. Misuli ile ndiyo inayonyoosha goti, na ndiyo inayopaswa kulegea ili goti likunjike. Ikigandia, goti linakwama kwenye nyuzi 40 au 50. Kutembea tu kwenye sakafu tambarare kunahitaji goti likunjike kama nyuzi 60 hivi. Kuinuka kwenye kiti kunataka zaidi ya 90. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya 130. Goti likishakauka kabisa, kulilegeza kwaweza kuhitaji upasuaji mwingine, mkubwa na wenye maumivu kuliko ule wa kwanza, ilhali wiki chache za kukunja na kukunjua zingetosha kuuepuka.

Mfikirie dereva kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, nyumbani kwao Bonyokwa, jirani na Kimara, siku chache baada ya kuruhusiwa. Amelala kwenye mkeka sebuleni, na chini ya goti lake mama yake ameweka mto kwa huruma, maana mguu ukikunjwa kidogo maumivu hupungua. Mto huo ndio kitu cha kwanza kinachopaswa kuondolewa. Goti linalolala limekunjwa usiku na mchana litashindwa kunyooka, na mguu usionyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote. Baada ya mto kuondoka kazi inaanza. Anakaza paja, akilisukuma goti chini dhidi ya mkeka, anahesabu mpaka tano, analegeza. Anapandisha na kushusha wayo kama anayekanyaga pedali, ili damu ya shavu la mguu isilale na kuganda. Kisha anavaa soksi ili kisigino kiteleze juu ya sakafu, anapitisha kanga chini ya unyayo, anashika ncha zake kwa mikono miwili na kuvuta kisigino kuelekea makalio, polepole, mpaka kinagoma. Hapo mdogo wake anachora mstari wa chaki.

"Mama, panauma."

"Pole, mwanangu. Yule mtaalamu alisema patauma lakini hapataharibika. Vuta tena tuifikie chaki ya jana."

Katika maneno hayo ya mama mna fiziotherapia karibu yote ya wiki za mwanzo. Hakuna umeme, hakuna mashine. Kuna mtu mmoja aliyefundishwa kutofautisha maumivu ya kawaida ya kovu linalovutwa, ambayo hutulia baada ya muda mfupi wa kupumzika, na maumivu ya hatari: shavu moja la mguu kuvimba na kuwa gumu, kidonda kutoa usaha, homa, pumzi kukatika ghafla. Asipofundishwa tofauti hiyo atafanya moja kati ya mawili. Atamwonea huruma mwanawe na kumwacha alale, au atamlazimisha mpaka amuumize. Yote mawili yanatokea, na la kwanza hutokea mara nyingi zaidi.

Kuna kipimo kimoja kilichotokana na kazi iliyofanyika papa hapa Dar es Salaam ambacho naona kingestahili kujulikana kuliko kinavyojulikana. Shirika la SIGN lilikuwa na shida ya kufuatilia wagonjwa waliokwisha kurudi makwao. Eksirei ni ghali, na wengi hawarudi kliniki wakishaona wanatembea. Likaanza kuomba picha: mgonjwa achuchumae, atabasamu, apigwe picha. Watafiti wa MOI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakaichunguza picha hiyo kwa makini na kuchapisha matokeo mwaka 2019: namna mtu aliyevunjika paja anavyochuchumaa, anashuka kiasi gani, anajishikiza au hajishikizi, inaeleza kwa kiasi kizuri kama mfupa unaunga na kama mguu unafanya kazi. Tabasamu nalo linakusudiwa kuonyesha kwamba mtu hana maumivu.

Busara ya kipimo hiki ni kwamba kinapima maisha ya watu wa hapa. Vitabu vingi vya fiziotherapia viliandikwa kwa watu wanaokaa kwenye viti, wanaoketi kwenye vyoo vya kukaa na kupika wakiwa wamesimama. Mtu wa Kimara aliyepanga chumba kimoja na kutumia choo cha nje anahitaji kuchuchumaa kila siku. Jiko la mkaa liko chini. Nguo zinafuliwa kwenye beseni, na mfuaji ameinama au amekaa kwenye kigoda. Mwislamu anataka kusujudu na kukaa tahiyatu. Wapo wanaoswali kwenye kiti baada ya upasuaji na dini imewaruhusu, lakini ukizungumza nao watakwambia hamu yao ni kurudi mkekani. Hata goti la bandia, ambalo sasa linawekwa Muhimbili na Mloganzila, kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 au 120 tu. Mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kusaini fomu, na familia ijue itabidi kutafuta kiti cha kuweka juu ya choo cha shimo. Wengi hutoboa kiti cha plastiki katikati, na kinafaa, ilimradi miguu ya kiti isiteleze kwenye saruji iliyolowa.

Halafu kuna Kimara yenyewe. Ni eneo la vilima na mabonde. Kuanzia Baruti na Bucha hadi Korogwe, Suka na Temboni, Barabara ya Morogoro inapita juu ya mgongo wa kilima na nyumba zinateremka pande zote mbili, nyingine kwenye vijia ambavyo mvua imevichonga mpaka bajaji haifiki. Wataalamu wengi humfundisha mgonjwa magongo kwenye korido ya hospitali, sakafu laini na tambarare. Kuteremka kilima chenye kokoto kwa magongo ni ujuzi mwingine kabisa: magongo na mguu mgonjwa hutangulia kushuka, mguu mzima unafuata, na wakati wa kupanda mguu mzima ndio unaotangulia. Nimeona watu wakishuka kwa makalio kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na barabara ikawa na njia nane. Ni maendeleo makubwa kwa mwenye gari. Kwa mwenye magongo, upana ule ni safari ndani ya safari.

Sasa mpeleke mtu huyu kliniki. Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni na ambayo Kimara imo ndani yake, ina watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2022, katika mkoa wenye zaidi ya milioni 5.3. Kwa mtu wa Kimara aliyefanyiwa upasuaji MOI, kurudi kwa fiziotherapia ni kupanda bodaboda au bajaji mpaka barabarani, kuingia basi la mwendokasi Kimara Mwisho, kushuka kituo cha Fire, na kutafuta usafiri mwingine mpaka Muhimbili. Mwendokasi, tangu ulipoanza Mei 2016, umewasaidia kweli wenye ulemavu: jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi na hakuna ngazi ya kupanda. Lakini asubuhi, Kimara Mwisho watu wanasukumana mlangoni, na mwenye mguu wenye vyuma hawezi kusimama katikati ya msukumano ule. Mvua kubwa zikinyesha na bonde la Jangwani, ambamo mabasi hupita, likifurika, huduma husitishwa. Upande wa pili uko Mloganzila, hospitali iliyofunguliwa rasmi Novemba 2017 na kuwekwa chini ya Muhimbili mwaka uliofuata. Huko unakwenda kinyume na foleni ya asubuhi, ila lazima uache barabara kuu na kuingia ndani, na nauli inaongezeka.

Mtaalamu akiandika mgonjwa aje mara tatu kwa wiki kwa wiki sita, ameandika safari 18, na kila safari ina watu wawili, kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda peke yake. Muuguzaji ni mama mwenye genge, au mke anayeuza chapati, au kaka anayelipwa kwa siku. Siku ya kliniki ni siku isiyo na kipato kwa nyumba nzima ambayo tayari imepoteza mapato ya aliyeumia. Wiki ya kwanza wanakwenda mara mbili. Wiki ya tatu hawaendi tena. Faili la hospitali litasema mgonjwa hakurudi, kana kwamba ni uzembe wake.

Kisichotajwa kwenye faili ni kwamba nyumbani tiba haisimami. Inabadilika tu mikono. Atakuja mzee anayejua kuchua, na hapa tuseme ukweli kwa heshima. Wachuaji wazuri wapo, na mikono yao hutuliza misuli iliyokaza. Hatari iko kwenye kiungo kilichotoka kuvunjika, hasa kiwiko. Kiwiko kikichuliwa na kunyooshwa kwa nguvu katika wiki za mwanzo, misuli iliyojeruhiwa inaweza kuanza kujenga mfupa mahali pasipotakiwa, na mkono ukafunga kwa namna ambayo hata daktari bingwa atapata taabu kuufungua. Kiwiko kinataka kukunjwa na mwenyewe mgonjwa, kwa nguvu zake mwenyewe, mara nyingi na kidogo kidogo. Mchuaji akielezwa hivyo na mtu anayemheshimu huelewa. Mabango ya kukemea "tiba za mitaani" hayajawahi kumfundisha mtu chochote.

Na kuna upasuaji unaofanywa kwa wingi kuliko mwingine wowote, ambao watu wengi hawauhusishi na fiziotherapia hata kidogo. Utafiti uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba kati ya kila wagonjwa watatu wa upasuaji, mmoja alikuwa mama aliyepasuliwa kujifungua. Mama huyu anarudi Kimara siku chache baadaye na mikono yake imeshikwa na mtoto. Misuli ya tumbo imeachana, nyonga imelegea, mgongo unamuuma. Kwa desturi zetu atakandwa kwa maji ya moto siku 40, tumbo litafungwa kanga, atapewa uji wa pilipili manga. Bibi na shangazi ndio wanaofanya kazi hiyo, na wanaifanya kwa upendo mkubwa.

Mimi siioni desturi hiyo kama adui. Kumpa mama siku 40 za kupumzishwa na kuhudumiwa ni jambo ambalo mataifa tajiri yamelipoteza na sasa yanalitamani. Kinachohitaji kurekebishwa ni vitu viwili vitatu. Maji ya moto yakandwe mgongoni, mabegani na miguuni, yasifike kwenye mshono. Ngozi inayozunguka kovu jipya haina hisia kamili na huungua bila mama kujua, na tumbo lililoshonwa halikandamizwi. Kanga ikifungwa kwa kiasi humsaidia kusimama na kukohoa bila kushika tumbo kwa woga, ila ikikazwa mpaka pumzi inakwama, uzito wote unasukumwa chini kwenye nyonga, na mama anaanza kuvuja mkojo akicheka au akipiga chafya. Na ajue namna ya kuamka: ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mikono, asijikunje kutoka chali kama alivyozoea. Ndoo ya maji kichwani, kupanda kilima, isubiri. Haya yote bibi anaweza kufundishwa siku ya kumchukua mzazi wodini, kwa dakika kumi, na bibi huyo atawafundisha wengine watano kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu upasuaji wa kifua, wa matiti na wa kukata mguu nitasema kwa ufupi. Mgonjwa wa moyo aliyepasuliwa mfupa wa kifua hukumbatia mto anapokohoa. Mwanamke aliyeondolewa titi asiponyanyua mkono mapema, bega linakauka, na akifika hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi atatakiwa kulala na mkono juu ya kichwa, naye hawezi. Na aliyekatwa mguu kwa kisukari, asiwekewe mto chini ya kisiki. Alale kifudifudi muda fulani kila siku ili nyonga isijikunje, la sivyo mguu wa bandia hautamkaa vizuri hata ukitengenezwa na fundi bora aliyesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi.

Je, kumfundisha mtu na kumrudisha nyumbani kunatosha kweli, au ni kujifariji kwa sababu hatuna wataalamu? Swali hili limepimwa kwingineko. Australia na New Zealand walichukua wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa tumbo. Kundi moja lilipewa kijitabu peke yake. Kundi la pili lilipewa kijitabu pamoja na nusu saa moja na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji, akiwaeleza kwa nini mapafu hujaa makohozi mtu akiogopa kuvuta pumzi, na akiwafundisha kuvuta pumzi ndefu mara tu watakapozinduka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliopata matatizo ya mapafu walikuwa asilimia 27 katika kundi la kijitabu na asilimia 12 katika kundi la nusu saa. Mwaka mmoja kabla, Australia hiyohiyo ilikuwa imewalinganisha watu waliobadilishwa goti. Waliolazwa siku kumi kwa ajili ya mazoezi hawakutembea vizuri kuliko waliopewa ratiba ya nyumbani.

Sharti lake lakini lisisahaulike. Wale wa ratiba ya nyumbani walikuwa na mtu wa kuwafuatilia. Kumpa mgonjwa karatasi yenye michoro na kumtakia heri hakufanani na hilo hata kidogo. Anayefanya mazoezi peke yake bila jicho la mtu mwingine atafanya yale yasiyouma na kuacha yale yanayouma, na yanayouma ndiyo anayoyahitaji.

Jicho hilo ni adimu. Tanzania imefundisha wataalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1970, na wahitimu wake ni hodari, ila ni wachache mno kwa nchi kubwa hivi, na wengi wako hospitali za rufaa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani, karibu mmoja kati ya kila watatu, wana hali ambayo huduma za utengamao zingewafaa. Mei 2023 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziziingize huduma hizo katika ngazi zote, kuanzia ile ya msingi. Kwetu ngazi ya msingi ni zahanati na kituo cha afya, na huko fiziotherapia ni nadra kuikuta. Pengo hilo limejazwa na vyumba vya binafsi vya kando ya barabara. Baadhi vinaendeshwa na wataalamu waliosajiliwa na vinaokoa viungo vya watu. Vingine vinauza mwanga mwekundu na mtetemo wa umeme kwa malipo ya kila siku. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kuuliza mgonjwa anafanya nini akiwa humo. Kama analala tu na mashine inafanya kazi, fedha zinapotea, hata kama anatoka anajisikia vizuri. Misuli haikui kwa kuwekewa waya tu, inakua kwa kubeba uzito.

Fedha, basi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima. Mvutano wa Machi 2024 kati ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na hospitali binafsi juu ya kitita kipya cha huduma na bei zake ulituonyesha wote jinsi bei iliyopangwa mezani inavyofunga mlango wa hospitali siku inayofuata. Kwa upasuaji wa mifupa, ningependa fiziotherapia ya miezi mitatu ihesabiwe ndani ya bei ya upasuaji wenyewe, kama ilivyo ganzi na nyuzi. Ikibaki huduma ya pembeni inayolipiwa kila mahudhurio, hospitali itapata fedha mgonjwa anaporudi na mgonjwa ataokoa fedha asiporudi, na goti litakwama katikati. Nauli nayo ina mfano wake. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ya CCBRT, Msasani, ilitumia M-Pesa kuwatumia nauli wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani, kupitia mabalozi wake, ili wafike kupasuliwa. Hospitali ilitambua kwamba upasuaji wa bure haumfikii asiye na fedha ya basi. Kimara si mbali kama Kigoma, lakini safari 18 za watu wawili si fedha ndogo.

Na sasa kuna watu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano, katika kila kijiji na mtaa. Kazi zao zilizotajwa zaidi ni uzazi, watoto, lishe na magonjwa ya kuambukiza. Mgonjwa aliyetoka upasuaji angeweza kuongezwa kwenye orodha yao bila kuwageuza kuwa wataalamu. Wakifundishwa siku chache na mtaalamu wa wilaya, ziara tatu zinatosha kuanzia. Ya kwanza, wiki ya kwanza: kuondoa mto chini ya goti, kupima urefu wa magongo ili mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono, kubonyeza shavu la mguu, kutazama choo na njia ya kutoka nje. Ya pili, wiki ya tatu: kutazama mistari ya chaki, na kama haijasogea, kupiga simu siku hiyohiyo badala ya kungoja tarehe ya kliniki. Ya tatu, wiki ya sita: mgonjwa ashike meza, ashuke hadi anapoweza, hata kama ni nusu, apigwe picha kwa simu, na picha hiyo imfikie mtaalamu Muhimbili au Mloganzila kabla familia haijaamua kama nauli ya wiki hiyo iende hospitali au iende kwenye unga.